Injini ya Kushoto Mtoni Ugalla

Injini niliipata Kigoma, na muuzaji hakunificha kwamba ilikuwa pacha. Zilifungwa mbili kwenye boti moja, moja ikizungusha pangaboi kulia, nyingine kushoto, ili boti isivutwe upande. Ya kulia ilikufa. Nikachukua ya kushoto, haina pangaboi, nikaileta mpaka Ugalla nikijisifu njia nzima.

Warina asali wa Ipole walikuwa karibu kuingia porini, na walitaka mtu mmoja wa kuwavusha wao na mapipa yao msimu mzima. Mimi nilikuwa nimechoka kuvuna tumbaku ya watu. Kazi ile nikiikosa, narudi shambani, na hilo nililijua.

Basi nikaifunga kwenye boti yangu, nikaivalisha pangaboi la injini yangu ya zamani iliyokufa, likakaa sawasawa. Nikampakia mwenyekiti wao, mzee wa heshima zake, nikatia gia ya mbele. Boti ikarudi nyuma. Ikatuingiza kwenye matete kinyumenyume, mzee kashika kofia.

Mtani wangu Mzaramo, muuza chai wa pale kivukoni, hakuniachia. "Wanyamwezi bwana. Babu zenu walifika pwani na mizigo kichwani, nyie hata mto mnauvuka kwa makalio." Mtani hakasirikiwi, lakini siku ile nilikasirika. Mwenyekiti akasema ananipa siku nne. Zikiisha, atamchukua mwenye boti mwingine.

Ghafla kila mtu fundi. Si uendeshe kwa gia ya nyuma, wakasema, kwani hapo boti haitaenda mbele? Nikakataa. Gia ya nyuma haikutengenezwa kubeba mzigo kutwa, ingesagika kabla ya nusu ya msimu. Nikakaa na lile pangaboi mapajani, nikaligeuzageuza, ndipo nikaona mabapa yake yamelalia upande wa kulia. Injini ya kushoto nimeivalisha pangaboi la kulia! Kosa langu mwenyewe, na kichwa changu kigumu. Nikampigia muuzaji. Alicheka mpaka nikatamani kukata simu, kisha akalituma la kushoto kwa basi.

Lilifika siku ya nne asubuhi. Nikalifunga kwa mikono yangu, nikamfuata mwenyekiti.

"Shikamoo mzee. Panda."

"Marahaba. Leo tunaenda upande gani, mama?"

"Mbele."

Nikatia gia. Boti ikatulia kidogo, ikainua pua, ikaenda. Mpini wa usukani ulinivuta mkono upande nisiouzoea, lakini kufika katikati ya mto nilikuwa nimeshauzoea. Nilifurahi, jamani. Nikapiga vigelegele peke yangu na sikuona haya.

Ng'ambo mzee alishuka taratibu, akapangusa suruali. Aligeukia wenzake waliokuwa wamesimama kule tulikotoka, akaweka viganja mdomoni.

"Leteni mapipa. Na yule mwingine mwambieni asije."