Nyayo za Asukulu

Mtu akipasha mawese na tangawizi karibu nami, hata leo nageuka kutazama nani yuko nyuma yangu. Ndivyo alivyonuka Maitre Wilondja, mwalimu wetu wa judo kule Baraka. Alijipaka mchanganyiko huo magotini kila asubuhi, na sisi watoto tulijua anakuja kabla hatujamwona.

Alikuwa na umri wa babu zetu, lakini hakuona haya kujifunza. Aliruka kamba na sisi wasichana ili miguu yake iwe myepesi, tukamcheka mpaka tukakaa chini, kisha akatuomba tumsahihishe. Nilimpenda sana. Judo ilikuwa kitu pekee nilichowashinda kaka zangu, na mama, mtu wa kanisa, aliniruhusu shingo upande: siku akisikia habari yoyote ya uchawi, ndiyo mwisho.

Tulifanyia mazoezi kwenye mchanga nyuma ya nyumba yake, karibu na ziwa, na tulipeana zamu ya kuufagia. Asubuhi ya zamu yangu nilikuta nyayo za watu wawili walioshikana na kuzungukana. Za mmoja zilikuwa za Maitre. Mwingine aliburuta mguu wa kushoto, na nyayo zake zilianzia katikati ya uwanja na kuishia hapo hapo.

Baraka nzima ilimjua aliyetembea hivyo. Alikuwa Asukulu, rafiki wa Maitre tangu ujana, aliyemwangusha kwa mwereka wake mmoja kila walipopambana. Mwaka uliotangulia alipanda mtumbwi kwenda Ubwari, upepo ukaja, na mwili wake haukupatikana.

Nilifagia haraka, nikanyamaza. Niliogopa nyayo zile, lakini niliogopa zaidi kuachishwa judo. Zamu iliyofuata nikazikuta tena, mbichi. Zamu ya tatu nikawahi kabla jua halijatoka, nikajibanza nyuma ya jiko.

Uwanjani alikuwepo mtu mmoja tu. Mwili ulikuwa wa Maitre, mwendo haukuwa wake. Bega limelala upande, mguu wa kushoto unaburutwa, mkono umekamata kola ya mtu asiyekuwepo. Akavuta. Mguu ule mbovu ukaanza kuteleza mbele, polepole, kama unaomba kukanyagwa. Hapo akainua macho, akaniona.

"Mutoto yangu, usikimbie," alisema. "Kuya nikuonyeshe."

Sauti ilikuwa yake mwenyewe, na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi. Nilikimbia mpaka nyumbani, na mama aliponiuliza nikasema yote.

"Maitre iko anapigana na mufu."

Mama hakupiga kelele. Alifunga kitenge chake vizuri, akaenda kwa jirani.

Jumapili ilipofika, hakuna mzazi aliyekuwa bado anamwachia mtoto wake. Maitre hakuja kujitetea. Alipokutana nasi njiani alitusalimia kila mmoja kwa jina lake, nasi tukatazama chini. Alifariki kabla mvua hazijarudi.

Nilikuwa mtu mzima, mwalimu wa judo mimi mwenyewe, nilipothubutu kumuuliza mjane wake.

"Ule mwereka wa Asukulu, ni mutu kilema tu iko anaweza kuufanya," alisema. "Mzee akaona utapotea. Akaanza kujifunza kilema, mwaka muzima. Anashambulia kama yeye mwenyewe, anajibu kama Asukulu. Alitaka kuufundisha batoto."

Alinisogezea kikombe changu cha chai.

"Ile asubuhi uliyokimbia, aliingia mu nyumba anacheka. Anasema, leo nimeupata."

Kwa aibu nikanywa chai yake yote, ingawa ilikuwa imeshapoa.

Leo nina wanafunzi wangu, na wakubwa wao wamesikia habari za mwereka huo na wananiomba niwaonyeshe. Nawaonyesha bega linavyolala. Nawaonyesha mkono, na mguu wa kushoto unavyoteleza mbele. Kisha nasimama, nao wananisubiri niendelee, na sina la kuwapa, kwa sababu hapo ndipo nilipogeuka kukimbia.