Saa za Msaragambo

Nilikaa kijijini Vudee wiki tatu nikitafuta jibu la swali moja: darasa la kusoma walilolianzisha wazazi linagharimu kiasi gani kwa kila mtoto anayetoka pale akijua kusoma? Kwenye kompyuta nilikuwa na jedwali la kukokotoa, na jedwali lile halikubali kitu cha bure. Hata jasho la aliyejitolea lazima liandikwe kwa saa. Saa zangu tu ndizo hazikutakiwa. Maelekezo yalisema mtafiti si sehemu ya gharama.

Asubuhi moja pembe ililia kuwaita watu kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Walipanda mlimani na majembe kwenda kusawazisha kiwanja cha darasa jipya. Mimi nilibaki barazani na kompyuta yangu, nikiwasikia wakicheka huko juu mpaka mchana. Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani.

Mama mwenye nyumba niliyopanga aliporudi, nilimwamkia, kisha nikamuuliza kila mtu alikuwa amefanya kazi kwa saa ngapi.

"Saa?" Aliniangalia kama nimemtukana. "Mwanangu, kwenye msaragambo hatuhesabu saa. Tunamwandika asiyekuja, basi."

Nikaona afadhali hilo, angalau nipate cha kujaza.

"Haya mama, leo nani hakuja?"

Alikung'uta udongo kwenye jembe lake, akafikiri kidogo.

"Hakuna," alisema. "Leo tumekuja wote."