Ng'ombe wa Kwenye Kioo

Mwalimu wa hesabu hakugusa kompyuta bila kwanza kupuliza chaki vidoleni, kama anayepoza uji wa mtoto. Padri aliyerudi kwao mwaka themanini na saba ndiye aliyeiachia shule ile ya Shinyanga mashine hiyo, ikiwa imeungwa na televisheni, na mwalimu akaitungia mchezo ili watoto wazoee vitufe: ng'ombe walizurura kwenye kioo, na ukiandika neno sawasawa, wanaingia zizini. Alisimama nyuma yao, mikono mgongoni, akitamka neno polepole kwa lafudhi yake ya Kisukuma. Wenzake Mwanne waliandika walivyomsikia, na ng'ombe wakaingia. Mwanne, binti wa muuza vitenge aliyehamia kutoka pwani, akaandika kama wasemavyo kwao: RUDI. Ng'ombe hawakusogea. Akarudia. Darasa likaangua kicheko, machozi yakamlengalenga.

"Mwalimu, nimeiharibu."

Mwalimu akainama, akatazama kioo. Kisha akabonyeza kwa kidole kimoja: L, U, D, I. Ng'ombe wote wakaingia zizini.

"Hujaiharibu, mwanangu," akasema, akipuliza vidole visivyo na chaki. "Mashine hii imefundishwa Kiswahili na mimi."