Ziwa Aliloahidiwa Mama, Nikaenda Mimi

Wacha niseme kabla sijaogopa: mimi ni mwizi. Sikuiba kuku wala ng'ombe ya mtu. Niliibia mama yangu mzazi safari, na nikikumbuka vile nilipanda ndege nikichekacheka, najitapikia.

Mama hajui kusoma. Huku kwetu Machakos, upande wa Katelembo, hiyo si ajabu kwa akina mama wa rika lake. Barua ikija, alikuwa ananingoja Jumamosi nitoke Athi River kwa kazi yangu ya ukarani, nikae jikoni nimsomee kwa Kikamba. Barua zenyewe zilikuwa za Sista mmoja wa Ireland aliyefundisha ushonaji kwa parokia yetu miaka mingi, mpaka akina mama wakampa jina, Mwende, yaani mpendwa. Mama alikuwa mpishi wake. Hiyo ni kazi tu. Ukweli ni kwamba walikuwa marafiki wa kufa kuzikana.

Mwaka mmoja wa njaa mbaya walichimba maji pamoja kwa mchanga wa mto uliokauka. Unachimba mpaka shimo likufike kiunoni, unangoja maji yajikusanye, halafu unachota kwa nzele, ile nusu ya kibuyu. Huko shimoni Sista akamwambia mama kwamba kwao kuna ziwa, na huko mtu hachimbi, anainama tu na kuchota. Akamwahidi kwamba siku moja atampeleka alione. Alipozeeka akarudi kwao, mama akampa ile nzele aende nayo.

Miaka ya tisini barua ikafika. Ndugu zake Sista walikuwa wamekubali kumleta mama kwa wiki tatu za kiangazi chao. Alitaka tu jina la mama kamili, vile liko kwa kitambulisho.

Niliisoma mara mbili. Mama akauliza Sista anasemaje.

Jamani, uongo ulinitoka laini, hata sikukohoa! Nilimwambia Sista anasema safari ni ndefu sana kwa mtu wa magoti mabovu, kwa hivyo achague mtoto mmoja aende kwa niaba yake. Mama akayaangalia magoti yake, akayapapasa.

"Basi enda wewe," akasema. "Uniangalilie hilo ziwa."

Jioni hiyo hiyo nikamwandikia Sista kwamba mama anaogopa ndege, na amenichagua mimi.

Siku ya kuondoka mama alinibariki kikwetu. Alinishika mikono, akanitemea mate kidogo kifuani, akaomba niende salama na nirudi salama. Nami nilisimama hapo na koti jipya nikipokea baraka za wizi. Mnaona nilivyo mchafu?

Kule nilikula raha, sitadanganya tena. Nyumba ilikuwa ya mawe, ukitoka mlangoni unakanyaga majani mabichi mpaka kwa maji. Tulivua samaki wa meno makali. Tulienda kuona watu wakikata udongo mweusi kama matofali, wakiukausha wawashe nao moto. Tulivuka kwa mashua mpaka kisiwa kilicho na kanisa la zamani sana, halina paa, kondoo wanalala ndani. Jumapili mchana wazee walipiga kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma kwa mikono, na kunilazimisha kucheza, nikacheza.

Lakini kila mahali palikuwa pamepangiwa mtu mwingine. Nyuma ya nyumba Sista alikuwa amepanga mawe matatu ya kupikia, ndio mama asisumbuliwe na jiko la stima. Alikuwa amepanda maharagwe, yamedumaa kwa baridi. Na kwa ile mashua mpwa wake alikuwa amefunga kiti cha mgongo, chenye mto wa kukalia. Nikauliza hicho ni cha nani.

"Cha mama yako," Sista akanijibu kwa Kikamba chake kizuri. "Si ana shida ya magoti?"

Kumbe alijua! Magoti niliyotumia kumnyima mama safari, Sista alikuwa ameyatengenezea kiti. Na mnajua nilifanya nini? Nilikikalia.

Katikati ya ziwa akatoa ile nzele kwa mfuko wake. Mpwa wake akasema maji ni lazima yachemshwe kwanza. Sista akacheka, akamwambia laiti angejua yeye Sista na mama walikunywa nini huko kwetu. Akachota, akanipa. Mnafikiri nilishindwa kumeza? Wapi! Nilikunywa yote na kuomba niongezewe.

Niliporudi nyumbani nikawa mtu wa hadithi. Mama alinihadithisha lile ziwa kila Jumamosi, halafu Jumapili anawahadithia wenzake kanisani, kwa fahari, eti mtoto wake aliinama tu akachota.

Baada ya mwaka na kitu, barua nyingine ikaja. Jumamosi mama akanipa, nikaikunjua. Sista aliandika kwamba yeye ni mgonjwa. Alisema bado anaumia vile mama alikataa kuja, lakini kiti bado kipo, na kama woga wa ndege umepungua, aje haraka.

Nikasoma, "Anakusalimia. Anasema mvua imekuwa nyingi."

"Soma tena," mama akasema.

Nikasoma tena. Nikasema baridi imekuwa kali na anatuombea.

Mama akanyoosha mkono, akaichukua barua, akaikunja taratibu.

"Mara ya kwanza ilikuwa mvua," akasema. "Hii barua katekista aliniletea jana, akanisomea. Nilitaka kukupa nafasi ya kunisomea mwenyewe."

Akarudi kuchambua maharagwe yake.

Katekista ndiye aliyemwandikia Sista ukweli. Jibu lilitoka kwa yule mpwa: Sista alikuwa ameshazikwa. Pamoja na barua yake kulikuja kifurushi, na ndani yake ile nzele, imefungwa kwa kitambaa cha sufu.

Wewe unayewasomea wazazi wako barua, ama kuwajazia fomu, ama kuwatafsiria maneno ya daktari, nisikilize. Ile karatasi si yako. Soma vile imeandikwa, hata kama jina lako halimo. Ukibadilisha neno moja utalibeba mpaka kaburini, na halitakuwa jepesi.

Siku hizi mama hanipi hata chupa ya dawa nimsomee. Anampelekea katekista. Nikienda kumwona ananikaribisha vizuri, ananipikia, ananiuliza habari za watoto. Nzele inaning'inia ukutani na yeye huinywea maji kila siku. Mimi ananipa maji kwa kikombe cha plastiki, kile cha wageni.