Misimu Miwili ya Kuchagua Bunduki

Jana alasiri alikuja mtu kuitazama bunduki ya baba, maana baba ameamua kuiuza. Kaja na kibali chake mkononi. Akaishika, akaipima uzito, akachungulia mtutu, kisha akauliza swali ambalo kwetu haliulizwi: imeshaua wangapi? Baba akakohoa. Mama akakumbuka kitu jikoni. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia ya kahawa na tende, nikajibu kwa sauti ya muuza duka kwamba haijawahi kumkera hata njiwa. Mgeni akafurahi, kwa sababu kwake hiyo ni sifa ya mali mpya. Kwangu mimi ni hasira, nami nimeitunza miaka mitano vizuri kuliko baba alivyoitunza bunduki yenyewe, na baba huipaka mafuta kila mwezi.

Kaa basi nikuhadithie, maana humu ndani hakuna anayetaka kunisikiliza tena.

Mimi nilizaliwa Jeddah, nyumbani kwa bibi mzaa mama, kwenye ghorofa ambayo ukianika nguo asubuhi, jioni unazitoa mbichi kuliko ulivyozianika. Harufu ya maandazi ya bibi, yenye iliki mpaka inakupanda puani, ilikuwa inapigana ngazini na harufu ya mkate wa moto wa duka la chini. Nilipofika miaka tisa, baba akapata kazi ya kusimamia ghala huko Al-Sulay, tukahamia Riyadh. Nikaichukia. Hewa kavu, midomo inapasuka, ukigusa kitasa cha mlango kinakupiga shoti kama kimekudhania mtu mwingine. Baba akirudi jioni ananuka mpira na dizeli. Skuli mpya, mwalimu mpya, na wasichana wanaonicheka kwa jinsi ninavyotamka "yalla" ya Jeddah.

Kitu kimoja tu kilinipatanisha na Riyadh. Majira ya baridi, siku za Ijumaa, watu hutoka kwenda jangwani. Sisi nasi tulitoka. Baba anawasha kuni, birika la chai ya maziwa linakaa kwenye makaa mpaka linakuwa jeusi, mama anapasha wali wa jana ambao huko nje unakuwa mtamu kwa sababu isiyojulikana, na mchanga unaingia kila mahali ukiwemo wali. Ukimya wa kule, wallahi, unasikia masikio yako mwenyewe yanavyofanya kazi.

Ni huko baba aliposema siku moja kwamba anataka kuwinda paa. Paa halali, bwana, wa kibali, kwenye hifadhi moja ambako wanafugwa na msimu wa kuwinda ukifika wanaruhusiwa wachache. Akaniambia, "Nikinunua bunduki, wewe utakuwa macho yangu." Akanieleza kwamba mpigaji anapofyatua, bunduki inampiga teke na hawezi kuona risasi ilikoangukia. Kwa hiyo pembeni yake analala mtu na darubini ya mkono, kazi yake kumwambia: imepita juu, imeanguka kushoto, ongeza kidogo.

Nikapewa darubini ya mkono siku hiyohiyo. Nilifanya mazoezi darini mwezi mzima. Nilikuwa naweza kumwambia jirani wa mtaa wa pili ni soksi ngapi zake hazina mwenziwe kwenye kamba, na nilimwambia, ndipo nikakatazwa darini.

Sasa sikia lilipo tatizo. Bibi alikubali niende, lakini kwa sharti lake la kizamani: niende ningali mtoto. Kwetu msichana akishakuwa mwari, kushinda jangwani na wanaume wenye bunduki ndiyo basi. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Nikapiga hesabu kwa vidole na kuona nina msimu mmoja wa uhakika, mwingine wa bahati. Nikadhani wananitosha. Kununua bunduki kuna nini? Unaingia dukani, unaonyesha karatasi, unasema nipe ile.

Sikumjua baba yangu. Baba ni mtu aliyechagua jokofu kwa miezi mitatu, na sisi wakati huo tunaweka maziwa kwa jirani. Akanunua daftari, akachora jedwali. Kila aina ya bunduki mstari wake, kila ukubwa wa risasi safu yake: uzito, kasi, teke, bei, upatikanaji. Kila Alhamisi tukaenda kwa muuza bunduki, mzee mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akatupa chai ya mnanaa, baba akauliza maswali arubaini, tukaondoka bila kununua. Wiki ya nne yule mzee akaanza kutuwekea biskuti. Wiki ya saba akawa anamwuliza baba habari za ghala, maana habari za bunduki zilikuwa zimemwishia.

Na baba angalau alikuwa kwenye njia sahihi. Yeye alitaka risasi ndogo, ile ya mia mbili arubaini na tatu, kwa sababu paa wa jangwani hamzidi mbuzi, na ukimpiga kwa kitu kikubwa utaokota nusu yake tu. Aliyeharibu ni mjomba. Mjomba, kaka yake mama, yeye bado ni mtu wa ikama, kibali cha mgeni mkaazi, dereva kwenye jumba moja huko Al-Malqa, na kila analolijua duniani amelisikia kutoka kiti cha nyuma cha gari la bosi wake. Bosi anasema mia tatu na nane, ile risasi kubwa. Bosi anasema mwanamume hashiki kitu cha kulengea sungura. Mjomba mwenyewe hajawahi kupiga hata jiwe likafika lilikotumwa, lakini akiongea utadhani kazaliwa na risasi kiunoni.

Walipokaribia kuafikiana, bibi akapiga simu kutoka Jeddah. Lazima ujue kwamba baba yake bibi alikuwa msasi huko Unguja, miongoni mwa wale wanaokwenda porini na mbwa na nyavu, wanapiga kelele mpaka paa anakimbilia wavuni mwenyewe. Kwa bibi huo ndio uwindaji. Akasema risasi iwe ndogo kuliko zote, paa aanguke yu hai, mtu amuwahi na kisu na bismillahi. Baba akamweleza kwa heshima zote kwamba masheikh wanasema ukitaja jina la Mungu unapofyatua, inatosha.

"Basi masheikh na wamle," bibi akajibu. "Mimi akifa kwa mshindo simtii mdomoni."

Mtu hamjibu mkwewe. Baba akafungua daftari, akaongeza safu mpya kwenye jedwali: bibi atakula au hatakula. Safu hiyo ilichukua mwezi. Msimu wa kuwinda ukafungwa sisi tuko kwenye safu.

Msimu wa pili nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilianza kuwaamsha tangu joto halijapungua. Namshukuru Mungu, bunduki ikanunuliwa, ile ya mia mbili arubaini na tatu, kitako cha mti wa hudhurungi, nzuri mpaka unataka kuilamba. Nikadhani tumemaliza. Bwana wee. Ikaja darubini ya bunduki.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize, kwa sababu nilisema. Nilikuwa nimeangalia video zote, nimesoma mpaka maoni ya wagomvi chini ya video, nikawaambia: chukueni inayokuza mara tatu hadi tisa, halas, yaishe. Paa yuko mita mia, mia na hamsini, unataka kumwona, hutaki kumpima macho. Muuza bunduki akanitazama juu ya miwani yake, akasema binti ana akili. Baba akatabasamu akanipapasa kichwa, kama mtu anayempongeza kasuku. Mjomba akasema bosi wake ana ya mara ishirini na nne, ukitazama unamwona paa mpaka kope zake.

"Utamwona kope, hutamwona paa," nikamwambia.

"Mtoto akae kimya wakubwa wanapozungumza," mjomba akasema, na mtoto akakaa kimya, kwa sababu wakati ule kuitwa mtoto ilikuwa ndiyo tiketi yangu.

Ile ya mara ishirini na nne ikaagizwa. Ikachukua wiki, kisha wiki, kisha ikafika msimu umebaki na siku chache. Tukaenda kwenye uwanja wa shabaha kuirekebisha, na kwa kuwa mjomba alikuwa na kazi ya kuwapeleka watoto wa bosi asubuhi, tukafika adhuhuri, jua liko utosini. Hata kipindi cha baridi, mchana kule ardhi inatoa mvuke wa moto. Baba akaweka jicho kwenye darubini, akakaa, akakaa, akasema shabaha inaogelea. Nikachungulia nami. Ilikuwa mazigazi matupu. Kila kitu kilichokuzwa mara ishirini na nne kilikuwa kinacheza kama kiko chini ya maji, na kadiri unavyokuza ndivyo kinavyocheza. Niliwaonea huruma kwa muda wa sekunde mbili hivi.

Mjomba akasema tatizo ni kwamba baba hajui kusogeza jicho. Akalala, akasogeza jicho mpaka likagusa kioo, akafyatua. Bunduki ikapiga teke, na ukingo wa darubini ukamkata juu ya nyusi, umbo la mwezi mwandamo kabisa, kanzu nyeupe ikaingia matone. Hiyo ndiyo damu pekee ambayo bunduki yetu imewahi kumwaga. Kwa madam wake, mke wa bosi, akasema amegongwa na mlango wa kabati. Mimi nilicheka mpaka nikapiga magoti mchangani, kisha njiani kurudi nikalia dirishani wasinione, kwa sababu nilijua darubini itarudishwa, itaagizwa nyingine, na msimu hautatungoja.

Msimu wa tatu kila kitu kilikuwa tayari. Darubini ya mara tatu hadi tisa, asante sana. Risasi zinaangukia panapotakiwa. Kibali kimetoka, kwa Ijumaa moja tu. Bibi alikuja kutoka Jeddah juzi yake na mfuko wa samaki waliogandishwa na kisu chake mwenyewe cha kuchinjia kimefungwa kwenye leso. Alinikuta ukumbini nafunga begi langu. Alikuwa hajaniona karibu mwaka. Nikainuka kumbusu mkono, na nilipoinuka nikawa nimemzidi urefu.

Akanipima kwa macho toka juu hadi chini. Alisema kwa mama, na mama akasema kwa baba, na baba akaja kukaa karibu yangu akaanza kuuliza habari za skuli. Nikajua. Baba hajawahi kuuliza habari za skuli siku ya Alhamisi.

"Bibi yako anaona umeshakua," akasema.

"Na wewe unaonaje?"

Akatazama zulia. "Ni mama yake mama yako."

"Baba, mimi sikuchelewa," nikamwambia. "Miaka miwili niko mlangoni nimevaa viatu. Mliochelewa ni nyinyi."

Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Bibi alikuwa mlangoni, amesikia. Akaja akanishika kidevu, akasema baba yake naye hakumchukua hata siku moja, ingawa yeye alikuwa akiwajua mbwa wote kwa majina. Nadhani alitaka kunifariji. Mimi nikaona amelijua jambo lile linavyouma na bado kalifanya, nikazidi kukasirika.

Waliondoka alfajiri, baba na mjomba, darubini yangu ya mkono ikiwa shingoni mwa mjomba. Walirudi magharibi na nyama kwenye ndoo, imeshakatwakatwa, wanaongea kwa sauti kubwa mno. Bibi akatia mkono ndani ya ndoo, akatoa pande la mafuta jeupe, zito, la mkia.

"Paa huyu kanenepa mkia," akasema. "Alikuwa akiishi kwa nani?"

Mjomba akakimbilia kwenda kuswali. Alikuwa kondoo, wamemnunua barabarani. Baba baadaye akaniambia ukweli, maana hajui kusema uongo zaidi ya saa moja. Walimpata paa, mita mia na ishirini, amesimama ubavu. Akasema bismillahi, akafyatua, paa akashtuka tu akasimama tena. Akamwuliza mjomba imeangukia wapi. Mjomba hakujua, alikuwa amefumba macho kwa kuogopa mshindo. Akafyatua ya pili bila kujua arekebishe nini. Paa akaenda zake.

"Tulidhani una muda," baba akaniambia. Ndivyo alivyosema, na hakuomba kibali tena miaka iliyofuata.

Mtu akiniuliza nini kimepotea, siwezi kumwonyesha kitu. Jangwa lipo, kila Ijumaa ya baridi tunakwenda, mimi na mama, na bibi akiwa kwetu, tunakaa upande wetu wa zulia na birika letu, na ni raha, siwezi kusema si raha. Lakini kuna upande wa mbele wa lile gari, kati ya baba na mjomba, ambako mtu wa miaka kumi alikuwa anakaa miguu ikining'inia, anawasahihisha wanaume wawili habari za risasi na wanamsikia nusu. Mtu huyo walimpoteza dukani, wanakunywa chai ya mnanaa.

Mwaka huu ni wangu wa mwisho skuli. Nafasi za chuo zilipofunguliwa, baba alikuwa ameshanunua daftari jipya. Mimi fomu nilishaijaza saa mbili asubuhi, na nilipoona amekaa mezani anachora mistari, nilimletea chai nikamwacha achore.