Ute Uliosafisha Maji ya Bangwe

Siku yangu ya kwanza kwenye mtambo wa maji pale Bangwe, kando ya ziwa, Mkemia Mkuu alinipa glasi za maji ya matope na kijiti, akaniamuru nikoroge. Nikakoroga kama nasonga ugali. "Binti, unavunja mabonge," akasema. Nikajifunza: unatia shabu, ile chumvi ya kusafishia maji, unakoroga haraka kidogo ienee, kisha polepole, ili chembe za tope zishikane ziwe mabonge na kuzama zenyewe. Anayeona ni kazi rahisi aje ajaribu.

Mkemia Mkuu hakuipenda shabu. Maabarani kwake alilisha bakteria kwa molasi, akavuna ute wao, akausafisha kwa spiriti na kuukausha ukawa unga. Ute ule ni minyororo mirefu ya sukari, unanata na kukusanya tope vizuri ajabu. Baada yake maji hupita kwenye mchanga, kisha klorini. Tuliupima miaka mingi, mimi nikiwa fundi sanifu wake, na sikuwa na wasiwasi nao.

Masika moja shabu ikakwama njiani, na kipindupindu kikaingia Kibirizi. Tukatumia ute. Maji yakatoka maangavu, tukayapeleka kwa gari hadi mwaloni kule, wavuvi wanaposhushia samaki. Mkemia Mkuu, mtu asiyejua kuficha kitu, akawatangazia watu kuwa yamesafishwa kwa ute wa bakteria. Weee! Wakamwaga ndoo, wakarudi kuchota ziwani, kule kule kwenye ugonjwa. Akanywa glasi nzima mbele yao, wasijali.

Mama Zuhura, muuza dagaa mwenye wajukuu nyumbani, akanisogelea. Kwetu Buha pombe huonjwa kwanza na mwenye nyumba, mgeni ajue haina sumu. "Mzee ameonja, sawa," akaniambia. "Lakini haya watakunywa watoto. Wa kwako yuko wapi?"

Nilikasirika, kisha nikaogopa. Nikaenda nyumbani kwangu Mwanga kumchukua Neema, binti yangu wa chekechea. Vipimo vyote nilivifanya mwenyewe, vyote vilikuwa safi, na bado nilikinusa kikombe mara mbili kabla ya kumpa. Akanywa, akajifuta mdomo, akaomba tena. Mama Zuhura akakinga ndoo, wengine wakapanga foleni nyuma yake.

Nimestaafu nikijivunia kazi yangu, na sifichi. Vijana wa mtambo wakija kuniamkia huniuliza kama siku ile nilikuwa na uhakika. Nilikuwa nao, tena wote. Neema sasa ana watoto wake na hakumbuki chochote. Mimi bado naliona koo lake dogo likimeza.