Mimba ya Miezi Kumi na Sita

Usiku ule nilikaa barazani pa hospitali, Korogwe, nikimngoja mume wetu atoke Handeni. Ndani alilala Zamda, mke mwenzangu, mama wa watoto wanne, tumbo limemvimba. Daktari alisema apasuliwe asubuhi, lakini kwanza mumewe akubali kwa sahihi. Nilikuwa nimemtuma utingo wa basi ampelekee habari.

Sadala, mume wetu, ndiye aliyetangaza kwenye mkutano wa kijiji kwamba uvimbe ule ni mimba. Mwezi wa tisa ulipopita, akasema mimba imelala. Mganga akachukua kuku wetu wawili ili aiamshe. Kuku hawakurudi, mimba haikuamka. Miezi kumi na sita Zamda alilima shamba la ujamaa ameshika kiuno, na bwana akipokea pongezi. Alipoanza kukataa hata uji, nikampakia kwenye basi bila kumwomba mtu ruhusa.

Saa tatu asubuhi Sadala akafika, mbeleko mpya begani.

"Mtoto yuko wapi?"

"Mzee, hakuna mtoto," daktari akamjibu. "Ni uvimbe. Tusipoutoa leo, mama huyu hatapona."

Akaletewa karatasi. Huyu ndiye hodari wa kisomo cha watu wazima, anayetusomea gazeti hata tusipotaka. Akaitazama karatasi, akapapasa mifuko.

"Nimesahau miwani."

"Tangu lini una miwani?" nikamuuliza.

Akaninong'oneza, "Mama Hiza, kijijini nitawaambia nini?"

"Waambie mimba haikulala, uliyelala ni wewe. Na dole gumba halihitaji miwani."

Nikalishika mwenyewe, nikalikandamiza kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Alivyolivuta nyuma, ungedhani ndilo linalokwenda kupasuliwa.

Zamda akasukumwa ndani, mlango ukafungwa. Mimi sikuondoa macho kwenye kitasa. Mtoto wake wa mwisho bado hajaachishwa kulala mgongoni kwake. Nitamwambia nini yule? Sadala alikuwa akimweleza mlinzi kwamba hata madaktari hukosea.

Adhuhuri mlango ukafunguka. Akatoka muuguzi, Grasiana, amebeba beseni lililofunikwa kitambaa.

"Mgonjwa wenu anapumua vizuri," akaniambia.

Sadala akasogea na mbeleko yake, akafunua kitambaa, akaona uvimbe mkubwa kama boga, akarudi nyuma mpaka akagonga ukuta.